Upande wa Kushoto wa Kanali

Kioo cha pembeni cha gari la Kanali Gaspar Msangawale kilivunjika mara ya tatu ndani ya miezi miwili, na mara zote tatu kilikuwa kile cha kushoto. Ilikuwa Jumamosi mchana, jua kali, geti la nyumba yake ya Kibamba limefunguliwa lote, hakuna mtu wala mbuzi njiani. Nguzo ya geti ilikuwa pale pale ilipojengwa miaka kumi na moja iliyopita. Kioo kikalia kaa! na vipande vikamwagika kwenye changarawe.

Mkewe, Felicitas, alitoka jikoni na unga mikononi. Alikuwa mwalimu wa hisabati sekondari, na tabia yake ilikuwa kuangalia kwanza, kusema baadaye. Aliangalia nguzo, akaangalia gari, akamwangalia mumewe.

"Hii nguzo nitaivunja," alisema Kanali akishuka. "Fundi aliijenga vibaya."

"Imekuwa vibaya tangu lini?"

"Tangu zamani. Nilikuwa naivumilia tu."

Felicitas aliinama akaanza kuokota vipande kabla havijachoma matairi.

Jioni ile walikwenda wote kwa fundi Walid, pale barabarani. Kibamba nzima ilimjua Kanali. Watoto walimwita Rubani. Mtu aliyeendesha ndege za kivita kwa miaka ishirini na minane, aliyefundisha karibu marubani wote vijana wa kikosi chake, aliyewahi kuzimikiwa injini angani akakataa kuruka na mwavuli kwa sababu chini kulikuwa na kijiji, akaitua ndege kama mtu anayelaza mtoto. Hadithi hiyo ilikuwa imesimuliwa kwa kila kinyozi wa mtaa ule, na kila ikisimuliwa kijiji kilizidi kuwa kikubwa.

"Shikamoo mkuu," alisema Walid akijifuta grisi. "Kushoto tena?"

"Marahaba. Kushoto tena."

"Mie ningeshauri nikuwekee viwili kabisa, kimoja ukae nacho cha akiba." Vijana waliokuwa wamekalia matairi wakacheka. Mmoja akadakia, "Ndege anaipitisha kwenye mawingu, geti linamshinda!" Wakacheka zaidi.

Kanali naye alicheka, kwa sauti, kama mtu mkubwa anavyocheka akitaniwa na wadogo. Lakini Felicitas, aliyekuwa amekaa pembeni yake garini, aliona vidole vyake vimeushika usukani mpaka kucha zimekuwa nyeupe.

*

Tangu siku ile alianza kuangalia. Aligundua kwamba mumewe alikuwa amehamisha kiti chake mezani. Zamani alikaa kichwani mwa meza; sasa alikaa pembeni kabisa, ukutani, watu wote wawe kulia kwake. Aligundua kwamba akimimina chai, kwanza aligusisha mdomo wa birika kwenye kikombe, ndipo anamimina. Akipishana na mtu mlangoni aligeuza kichwa chote, kama kuku.

Halafu siku moja, alipokwenda kununua mchele dukani, mzee Hamoud, mwenye duka, alimwambia jambo ambalo yaelekea alikuwa amelikalia muda mrefu.

"Mwalimu, nikuulize. Mimi na Kanali tuna ugomvi?"

"Ugomvi gani tena, mzee wangu?"

"Hasalimu. Mimi huketi hapa, pale alipoketi baba yangu." Alionyesha benchi la saruji upande wa mlango. "Kila asubuhi anapita na mazoezi yake, anakimbia, nampungia mkono. Ananipita kama gogo. Akirudi, ndiyo anasalimu. Akienda, hasalimu. Nikasema labda cheo kimempanda. Nasikia wanampa ubrigedia."

"Hapana, mzee. Hawezi kukudharau."

"Basi mwambie. Mtu mzima kupungia hewa si heshima."

Felicitas alirudi na mchele wake akiwaza. Akienda, benchi liko kushoto. Akirudi, liko kulia. Alikuwa mwalimu wa hisabati; hesabu hiyo haikuhitaji ubao.

Siku mbili baadaye, akitoa vitu mifukoni ili afue, alikuta karatasi kwenye mfuko wa shati la mumewe. Ilikunjwa mara nne na pembe zake zilikuwa zimelegea kwa kushikwa. Ndani kulikuwa na herufi kubwa kwa mwandiko wa Kanali, mstari chini ya mstari, hazikuunda neno lolote. Alidhani ni siri za kijeshi, akataka kuirudisha mfukoni. Lakini binti yao Apolonia, aliyekuwa ameketi pale uani na miwani yake akisuka nywele, aliichungulia.

"Mama, hilo si ni bango la macho? Lile wanalokusomesha ukienda kupima. Mie nalijua mpaka naliota."

Pembeni mwa mstari wa sita, Kanali alikuwa ameandika kwa kalamu ya risasi, maandishi madogo: *Kushoto. Usiharakishe. Jifanye unafikiri kwenye herufi ya nne.*

Apolonia aliacha kusuka.

*

"Ni presha ya jicho," alisema Kanali. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, jua la saa kumi na mbili likiingia dirishani, karatasi ile iko juu ya shuka katikati yao. "Nilikwenda kwenye kliniki moja mjini mwaka jana. Niliandikisha jina la baba, nisijulikane. Daktari akasema mshipa unakufa taratibu kuanzia pembeni. Kilichokwisha kufa hakirudi. Akanipa dawa ya matone."

"Iko wapi?"

"Niliacha. Kichupa kikionekana kwenye begi langu kikosini, nimekwisha."

"Na upimaji wa mwaka huu?"

"Nimefaulu." Alisema bila kujivuna, macho yake yakiwa sakafuni. "Mashine kubwa ilikuwa kwenye matengenezo. Daktari Sekela akapima kwa bango tu. Ananiamini. Akaniambia, afande, wewe mbona bado una macho ya mwewe."

Felicitas alikaa. Miaka ishirini na sita ya ndoa ilikuwa imemfundisha kuogopa simu za asubuhi, kuogopa gari la kijeshi likisimama mbele ya nyumba, kuogopa mtu mwenye sare anayevua kofia. Hakuwa amejifunza kuogopa kitu kama hiki, karatasi juu ya shuka.

"Wiki tatu, Mama Apo," alisema Kanali. "Wiki tatu tu. Naongoza ndege kwenye gwaride la sikukuu ya taifa. Wamenipa mimi niongoze. Nikishuka siku ile, nawaambia basi, nimezeeka, nakaa ofisini. Ubrigedia unatoka, naondoka na heshima yangu. Nikisema leo, naondoka kama mwizi."

"Na ukigonga?"

"Nigonge nini? Angani hakuna nguzo."

Alijaribu kutabasamu. Felicitas hakumsaidia.

"Baba yangu alikuwa katekista Sumbawanga," aliendelea, sauti imeshuka. "Hakuwahi hata kupanda treni. Mimi nikatoka pale, wakanipeleka ng'ambo, baridi inapasua midomo, lugha siijui, wenzangu wakarudishwa mmoja mmoja. Mie nikabaki. Kwa sababu ya macho. Mwalimu wangu alisema mkono unafundishika, macho ni majaliwa. Sasa niende kwa Sekela nimwambie nini? Rubani asiyeruka ni nani, Felicitas? Ni mzee mwenye kofia."

Felicitas alichukua karatasi, akaikunja mara nne kama alivyoikuta, akampa. Kisha akaenda kuinjika ugali, na ugali ule ulikuwa na mabuje ya unga mbichi, jambo ambalo Apolonia hakuwa amewahi kuliona kwa mama yake.

*

Jumapili baada ya misa Meja Brightson alikuja kula nao. Alikuwa na miaka thelathini na minne, mrefu, mcheshi, mtoto wa Kiwalani aliyekua akitazama matumbo ya ndege zikishuka uwanjani. Kanali ndiye aliyemchagua, akamfundisha, akamtetea alipokosea kutua mara mbili mfululizo. Kila alipofika nyumbani pale alipitia jikoni kwanza.

"Shikamoo mama. Leo nimenusa kuku tangu barabarani."

"Marahaba mwanangu. Kaa, nakuletea."

Mezani alizungumza karibu peke yake. Alieleza jinsi mama yake mzazi, Mama Anna, alivyowaambia majirani wote Kiwalani watoke nje siku ya gwaride. "Tunapita juu yao kabisa, chini chini. Nimemwambia mama, huwezi kuniona usoni, lakini yeye kashanunua khanga mpya ya kupungia. Nikamwambia, sasa utanijuaje? Zinapita tatu, zote zinafanana."

"Wewe unakuwa wa wapi?" Felicitas aliuliza. Alikuwa ameshika bakuli la mchuzi.

"Mimi? Mzee yuko mbele, mie namganda huku." Brightson aliweka viganja viwili mezani, kimoja mbele kidogo, kingine nyuma yake ubavuni, vikikaribia kugusana. "Kushoto kwake. Mita chache tu, mama. Mtu wa mbele akiinama, nami nainama. Akija kwangu, nampisha. Lakini Mzee haji. Mzee ananionaga hata nikipepesa."

Kanali alikuwa anatafuna. Hakuinua uso.

Felicitas aliweka bakuli chini. Alitaka kulisema pale pale, mbele ya kuku na wali, na mdomo wake ulifunguka. Lakini alimwona mumewe: shingo yake, mvi zake zilizonyolewa vizuri, mkono wake unaovunja mfupa polepole mno. Akasema, "Ongeza mchuzi, mwanangu," na sauti yake ilitoka nyembamba, Apolonia akamtupia jicho.

Brightson alipoondoka, walibaki wawili sebuleni.

"Kumbe unajua," alisema Felicitas. "Unajua yuko upande gani."

"Nageuza kichwa. Nimefanya mazoezi ya kugeuza kichwa."

"Kama kwa nguzo ya geti?"

"Felicitas!"

"Mazoezi ya gwaride ni Jumatano. Mpaka Jumatano asubuhi uwe umemwambia daktari wako. Usipomwambia, nitamwambia mimi."

Kanali alisimama. Alikuwa mtu ambaye hakuwahi kupandisha sauti nyumbani, na hata sasa hakuipandisha. "Ukifanya hivyo," alisema, "umenizika na roho yangu." Akaenda chumbani, akafunga mlango taratibu, na utaratibu ule ulimuumiza mkewe kuliko kama angeubamiza.

Jumanne Felicitas alimkuta uani, amesimama kwenye kivuli cha tangi la maji, anageuza kichwa kushoto, mbele, kushoto, mbele, haraka haraka, midomo inahesabu. Apolonia alikuwa dirishani naye anamwona. "Mama, baba anaumwa nini hasa?" aliuliza. "Baba haumwi," alijibu Felicitas, kisha akasema, "Anaumwa."

*

Jumatano asubuhi Kanali aliondoka saa kumi na moja na nusu kama kawaida. Alikunywa chai kwa kusimama. Mlangoni Felicitas alimuuliza, "Umemwambia?" Akajibu, "Nitachelewa," akaingia garini.

Felicitas alimpigia mwalimu mkuu akasema ana mgonjwa. Alivaa gauni lake la kanisani na viatu vya kufunika, akafika kwenye geti la kikosi saa mbili na dakika kumi. Palikuwa na kibanda cha walinzi, benchi la wageni chini ya bati, na bango linalokataza kupiga picha.

"Shikamoo mama. Una miadi?" Alikuwa koplo, binti mdogo mwenye kofia iliyomzidi.

"Marahaba. Nataka kumwona Daktari Sekela."

"Kuhusu nini?"

"Kuhusu mgonjwa."

"Mgonjwa gani, mama? Yuko wodini?"

"Hayuko wodini."

Koplo alimtazama, akautazama mkoba wake. "Mama, hapa ni jeshini. Siwezi kuandika 'mgonjwa' tu. Jina la mgonjwa, namba yake, na wewe ni nani kwake."

Nyuma yake watu wengine watatu walikuwa wamefika, mmoja na mzigo wa mboga za mesi ya askari, na wote walikuwa wanasikiliza. Miaka yote Felicitas alikuwa akipita geti hili kwenye kiti cha mbele, wanajeshi wakipiga saluti kwa gari. Hakuwahi kusimama dirishani kuulizwa yeye ni nani.

"Felicitas Msangawale," alisema.

Koplo aliinua kichwa. Kalamu ikasimama. "Msangawale wa Kanali? Mama! Samahani sana, kwa nini hukusema?" Akatoka kibandani, akafuta benchi kwa kiganja, akaomba radhi mara tatu, akamfunga kitambulisho cha mgeni begani kwa mikono yake mwenyewe. "Kaa hapa kidogo mama, tunalishughulikia."

Walilishughulikia kwa namna waliyoijua. Kwa heshima, hawakumpigia daktari. Walimpigia Kanali.

Alimwona akija kwa miguu kutoka ndani, ndani ya ovaroli yake ya kijani, kofia ya kurukia mkononi. Wanajeshi walikakamaa alipopita. Alikuwa na uso ambao Felicitas hakuwahi kuuona, si wa hasira, bali wa mtoto aliyefumaniwa.

"Unafanya nini hapa?" alisema kwa sauti ya chini.

"Kaa kwanza."

"Natakiwa kwenye ndege baada ya dakika arobaini."

"Ndiyo maana nimekwambia kaa."

Alikaa, kwa sababu watu walikuwa wanatazama. Felicitas aliinuka, akazunguka mbele yake, akaja kukaa upande mwingine. Upande wa kushoto.

"Tazama mbele," alisema. "Yule binti anatuangalia. Usigeuze kichwa."

"Felicitas, mie si mwanafunzi wako."

"Tazama mbele, baba. Nakuomba. Nimeinua vidole vingapi?"

Kanali alitazama mbele. Koplo alijifanya anaandika. Mtu wa mboga alihamisha mzigo kutoka bega moja hadi jingine.

"Vitatu," alisema Kanali.

"Sijainua mkono, Gaspar."

Hakuwa amemwita kwa jina tangu Apolonia azaliwe. Kanali hakusogea. Macho yake yote mawili yalikuwa wazi, yanaangalia lami.

"Hapa nilipokaa mimi ndipo atakapokuwa Brightson," alisema Felicitas. Hakuwa analia; alikuwa anaongea harakaharaka kama mtu anayeogopa kengele italia. "Hapa hapa. Ukija kwake atakupisha, ataenda wapi? Chini kuna Kiwalani. Mama yake atakuwa nje na khanga mpya. Uliwahi kukataa kuiacha ndege kwa sababu ya kijiji cha watu usiowajua. Hawa unawajua."

Kanali alipitisha kiganja usoni, kuanzia paji la uso hadi kidevuni. Kisha alisimama.

"Nisubiri hapa," alisema, akarudi ndani bila kuangalia nyuma.

Hakusema anakwenda wapi. Hospitali ya kikosi ilikuwa upande ule, na ndege zilikuwa upande ule ule.

Felicitas alisubiri. Koplo alimletea maji ya chupa. Aliishika chupa bila kuifungua. Saa tatu ilipita. Alijaribu kusali akakuta anarudia mstari mmoja tu wa sala, hauendelei. Saa tatu na robo, kutoka nyuma ya majengo, injini ilianza kupiga mluzi, mluzi ukawa ngurumo, bati la benchi likatetemeka. Injini ya pili ikafuata. Hakuweza kuona kitu. Ukuta ulikuwa mrefu. Ngurumo ilikuwa moja nene, hakuna wa kusema ni ndege mbili au tatu.

Ya kwanza iliondoka. Ilitokea juu ya ukuta, kali, nyeusi dhidi ya jua, ikapanda. Alisimama bila kujua amesimama. Ya pili ikatokea. Chupa ilimdondoka mkononi ikabiringika hadi kibandani.

Alisubiri ya tatu. Alihesabu mpaka thelathini, akahesabu mpaka sitini. Mlio ulikwenda ukififia upande wa Pugu, na nyuma ya ukuta pakabaki kimya, mtu mmoja tu anapiga nyundo mahali fulani.

"Leo mbona mbili?" koplo alimwambia mwenzake. "Ratiba imeandikwa tatu."

Felicitas aliketi, akajifunika uso kwa mtandio wake, na hapo ndipo alipolia.

*

Yaliyofuata hayakuwa mepesi. Daktari Sekela, mwanamke mtulivu aliyekuwa chini yake kwa cheo, alimsikiliza Kanali mpaka mwisho, kisha akasema neno moja ambalo Kanali alilirudia nyumbani mara nyingi: "Afande, ulinifanya nikusainie kaburi la mtu." Wiki ile ile Kanali aliitwa mbele ya wakubwa wake. Alisimama, akaeleza, hakumtaja mkewe wala mashine iliyokuwa kwenye matengenezo. Alipewa onyo la maandishi. Orodha ya ubrigedia ilitoka bila jina lake. Alihamishiwa ofisi ya mafunzo kwa miezi iliyobaki kabla ya kustaafu, kwenye chumba chenye feni na makabati, na posho ya urubani ikakatwa mwezi huo huo.

Mtaani habari zilifika kwa njia zake. Wengine walisema kafukuzwa, wengine walisema kapofuka kabisa. Kwa fundi Walid kijana mmoja alitaka kuleta utani, Walid akamwambia funga mdomo wako. Jambo jema lilikuwa moja tu, nalo lilitoka kwa bingwa wa macho: presha ilikuwa imeanza kula na jicho la kulia. Miezi sita mingine bila dawa, lingemfuata mwenzake. Sasa lingeweza kulindwa. Asubuhi na jioni Kanali alilala kwenye kochi, kichwa mapajani mwa mkewe, na Felicitas alimdondoshea tone moja moja.

Siku tisa za mwanzo alilala pale, akafumbua jicho, akafumba, akainuka, bila kumsemesha. Siku ya kumi tone lilikosea njia likaangukia puani. Akasema, "Mwalimu, unalenga wapi?" Felicitas alicheka mpaka mkono ukamtetemeka, ikabidi aite Apolonia aje amalizie.

Siku ya gwaride hawakuwasha televisheni. Kanali alikwenda kupogoa michongoma nyuma ya nyumba, akapogoa kuanzia asubuhi hadi adhuhuri, mpaka michongoma ikabaki vijiti.

Brightson hakupiga simu, hakuja. Ndiye aliyeongoza siku ile, na watu walisema zilipita vizuri. Alikuja wiki mbili baadaye, Jumapili alasiri, bila kupitia jikoni. Alimwamkia Felicitas kwa adabu, akakaa ukingoni mwa kochi na funguo za gari mkononi. Apolonia alimletea soda, hakuigusa.

"Nilikuwa naulizwa na wenzangu," alisema hatimaye, "kama nilijua. Nikawaambia sijui chochote. Hawakuniamini. Wanajua nakuja kula hapa."

"Nitawaambia mwenyewe," alisema Kanali.

"Si hilo, afande. Nataka kuuliza kitu kimoja. Siku ile mezani nilipoweka mikono, nikasema nakuwa kushoto kwako. Ulikuwa unajua tayari?"

Felicitas alikuwa mlangoni mwa jikoni. Alitamani mumewe aseme kitu, chochote, aseme alifanya mazoezi, aseme ilikuwa wiki tatu tu.

"Nilijua," alisema Kanali.

"Na ungeruka?"

"Ningeruka. Mama Apo ndiye aliyenizuia. Mie mwenyewe ningeruka."

Brightson aliitazama sakafu. Alikuwa na machozi machoni, na hasira ya kuwa nayo. "Mimi sina baba, afande. Unalijua hilo. Sasa sijui nikuambie nini."

"Usiniambie kitu. Nilikukosea. Nakuomba radhi." Kanali wa jeshi, mwenye nywele za mvi, aliinamisha kichwa mbele ya meja wake.

Brightson aliinuka akaaga. Felicitas alimbembeleza angalau anywe soda, akasema siku nyingine mama. Kanali naye akainuka, kwa sababu mgeni husindikizwa, hata mgeni aliyekuja na maneno kama yale. Walitoka wawili, wakashuka ngazi, wakashika njia ya changarawe kuelekea barabarani alikoacha gari.

Felicitas alisogea dirishani. Brightson alikuwa akitembea kushoto kwa Kanali, nusu hatua nyuma, mahali alipozoea kuwa miaka yote. Hawakuwa wakizungumza. Walipofika katikati ya uwanja, Kanali aligeuza shingo yote kumtafuta, akarudisha uso mbele, baada ya hatua mbili akaigeuza tena.

Brightson alisimama. Felicitas alidhani anarudi kusema jambo jingine, akashika pazia. Lakini kijana alizunguka nyuma ya mwalimu wake bila neno, akatokea upande wa kulia, akaendelea kutembea bega kwa bega naye.

"Siku ya gwaride upepo ulikuwaje pale kwenye kona?" Kanali aliuliza.

"Mbaya, afande," alisema Brightson. "Ulinisukuma."

"Ukafanya nini?"

Na walipofika kwenye gari hawakuwa wamemaliza, wakasimama pale kando ya barabara, kijana akieleza kwa viganja viwili, mzee akivitazama.